Mboga ya Mkwe

Nilizaliwa milimani, nyuma ya Mbinga, kwenye kahawa na mashamba ya ngoro, yale ya mashimo mashimo, nikaolewa chini ziwani, karibu na Mbamba Bay. Kwetu tunasema watu wa ziwani wanacheza ngoma mno. Wao wanasema sisi wa milimani tunajua kulima tu, hata harusini tunazungumza maharage. Nilipoolewa nilishuka nikiwa tayari kugombana na yeyote atakayenitania hivyo, maana hasira zangu ziko karibu na sijawahi kuzificha. Wa kwanza kunitania alikuwa baba mkwe wangu. Nilimjibu hapo hapo. Akacheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo tukapatana.

Alikuwa mtu wa majivuno, tusidanganyane. Mkewe alikuwa ameshafariki, watoto wamekua, na yeye alibaki na vitu viwili vya kujivunia: soksi zake nyeupe za mganda na tarumbeta zake. Mganda ni ngoma ya wanaume wa pale ziwani. Wanajipanga mistari kama askari, kaptura zimepigwa pasi, usinga mkononi, kila mmoja na cheo chake, kuna kingi, kuna kepteni, kuna hata daktari. Na wanapiga tarumbeta za vibuyu. Mgeni hudhani zinapulizwa, kumbe mtu anaimba ndani yake. Ubavuni kuna tundu dogo, na juu ya tundu hilo hubandikwa ule utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani. Utando huo ndio unaochukua sauti ya mtu na kuitoa ikiwa nene, inavuma, inasikika ng'ambo ya ghuba.

Mafundi wengine walitafuta vibuyu vilivyokwisha kukauka wakavikata. Baba mkwe alilima tarumbeta zake. Mvua zikianza alipanda mbegu kwenye ua nyuma ya nyumba, na mamung'unye yakishaanza kutoka aliyafunga kamba moja moja, mengine akayaning'inizia vijiwe, ili yarefuke na kupinda jinsi alivyotaka. Kila asubuhi alipita kuyakagua kabla hata ya kunawa uso. Kamba hii anailegeza, jiwe lile analibadili. Yakikauka kiangazi, kila moja lilikuwa limeshakuwa tarumbeta, kazi ya kisu ilikuwa ndogo tu. Nilikuwa nasimama na kikombe changu cha chai namwangalia. Nilikuwa fundi cherehani, nimejifunza kwa masista, na nilidhani najua maana ya subira. Sikujua. Yule mzee alikuwa anashona kitu ambacho kitambaa chake bado hakijaota.

Mwaka ninaousema ulikuwa katika ile miaka ya ruksa, bidhaa zilipoanza kuingia kutoka kila upande baada ya maduka kukaa matupu muda mrefu. Ngoma yao ilikuwa imepata balaa. Walikwenda kushindana kwenye ghuba ya jirani, na wakati wa kurudi ziwa lilichafuka, mizigo ikaangukia tarumbeta, zikapondeka karibu zote. Kwa hiyo kundi zima lilimtegemea baba mkwe. Walioshindana nao ndio wangekuja kwetu kiangazi kinachofuata, siku ya sikukuu ya kanisa, na wote walijua kwamba tarumbeta mpya zinaota kwenye ua wetu. Alifunga kamba nyingi kuliko miaka yote. Alikuwa akipita mtaani anasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba kibuyu hakijawahi kumshinda tangu azaliwe.

Ndipo nikajifungua mtoto wangu wa kwanza, na mama yangu akashuka kutoka milimani kuja kumwogesha mjukuu.

Mama yangu ni Mmatengo kamili, mtu wa milimani. Mikono yake haijui kukaa. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye hakungoja hata ya pili. Siku aliyofika alifagia uwanja, akachota maji, akanilaza na mtoto, nikapitiwa na usingizi. Mume wangu alikuwa kazini bandarini, baba mkwe alikuwa ameitwa kuziba mtumbwi wa mtu. Nilipoamka nilisikia harufu ya karanga. Nikatoka nje nimejifunga khanga, nikamkuta mama ameinamia sufuria kubwa, uso umejaa furaha.

Akaniambia hapa mna mboga nzuri hivi halafu nakuta jikoni dagaa watupu. Akaniambia pia niwakanye watoto wa hapa, maana wana mchezo mbaya, wamefunga mamung'unye kamba na kuyaning'inizia mawe. Yeye ameyafungua yote. Kamba alikuwa amezikunja vizuri, akaziweka dirishani, zisipotee.

Nilikwenda nyuma ya nyumba. Ua ulikuwa na majani tu. Mawe yalikuwa yamepangwa chini kwa mstari, mama yangu ni mtu wa utaratibu. Nikakaa chini, mzazi wa juzi, kwenye ardhi yenye unyevu. Sikuwa na hofu ya kupigwa wala kufukuzwa. Nilikuwa naogopa wimbo. Watu wa mganda hawasahau kitu. Mtu akifanya jambo la aibu, kiangazi analisikia likiimbwa mbele ya vijiji viwili, na wimbo ukishatungwa hakuna wa kuufuta. Nilishausikia kichwani mwangu: mwanamke wa mlimani ameshuka na njaa yake, amekula tarumbeta za watu. Watoto wangeuimba kisimani. Mtoto wangu angekua anaimbiwa bibi yake.

Nilitaka kumwambia mama. Nikamtazama anavyoonja chumvi, anavyomwandalia mkwe wake chakula cha kwanza, nikashindwa. Chakula kilikuwa kimeshaiva. Tarumbeta zilikuwa zimeshakatwa vipande.

Baba mkwe akaja jua likiwa linashuka. Wakasalimiana kwa heshima zote, habari za huko, habari za safari, habari za kahawa. Mama akaweka ugali, akaweka bakuli, akafunua, akarudi nyuma kidogo, akapiga goti kama anavyofanya kwa watu wazima. Mimi nilikuwa mlangoni na mtoto kifuani.

Mzee aliangalia bakuli. Vipande vilikuwa na ganda lao bado, ule ubichi wa kijani anaoujua kuliko sura zetu. Akainua macho, akatazama dirishani. Akaziona kamba zake zimekunjwa. Mimi ni mtu wa kulia kwa hasira tu, lakini pale machozi yalinitoka bila ruhusa.

Akanawa mikono. Akafinyanga tonge, akachovya, akala. Akala polepole, kipande kwa kipande, kama mtu anayekumbuka kila kimoja kilikuwa wapi kwenye ua. Bakuli likaisha. Kisha akamsogezea mama lile bakuli tupu akasema:

"Mkwe, niongezee."

Mama akaongeza, meno yote nje. Akala tena. Alipomaliza alishukuru, akasema tangu mkewe afariki hajala mboga iliyopikwa hivi. Mama yangu alilala usingizi mzuri sana siku ile.

Asubuhi baba mkwe alinikuta naanika nepi. Sikujua niseme nini, nikaanza kuomba radhi, maneno yakawa yanagongana. Alinikatiza.

"Mama yako asijue," alisema. "Alinipikia."

Akaenda zake kuziba mtumbwi, na mimi nikabaki nimeshika nepi inayodondosha maji. Nimewasikia mapadre wengi wakihubiri unyenyekevu, na wengine walihubiri vizuri. Lakini mtu mwenye majivuno kama yule kumeza kazi ya mwaka mzima na kuomba aongezewe, sijaona tena.

Sasa ikabaki kundi. Kepteni wa ngoma alipokuja kuulizia, baba mkwe alimwambia mbele ya watu kwamba mwaka huu vibuyu vimemshinda. Vimeoza, mkono wake umezeeka. Yeye! Kepteni alidhani ni utani, akacheka, halafu akaona si utani. Watu walianza kunong'ona. Palikuwa na fundi mwingine kwenye ghuba ya pili, mtu ambaye baba mkwe alikuwa akisema tarumbeta zake zinalia kama mbuzi mgonjwa, na kundi likaamua kwamba ikifika mavuno hakuna kitu watakwenda kwake. Kwa baba mkwe hilo lilikuwa ndilo kaburi. Jina lake lilikuwa tarumbeta. Zikitoka kwa mwingine, yeye ni mzee tu mwenye soksi nyeupe. Mimi nililijua hilo, naye alijua kwamba ninalijua, na mama yangu alikuwa ameshapanda lori kurudi milimani anamsifu mkwe wake njia nzima.

Mbegu za kupanda upya hazikuwa na maana, mvua zilikuwa zinaondoka. Akawa anakaa uani, anatazama majani yanavyonyauka. Nikamwambia siku moja, kwa ukali wangu, kwamba kama ni kulia alie, kama ni kufanya kazi afanye. Akanitazama, akaniuliza lini mara ya mwisho nimenywea maji kwenye kata ya kibuyu.

Nikafikiri. Ulikuwa muda mrefu. Ndoo za plastiki zilikuwa zimeingia, na majagi, na vikombe vya rangi, na madumu ya mafuta ambayo kila nyumba iliyakata na kuyatumia. Vibuyu vya maji, vya pombe, vya mbegu, vyote vilikuwa vimetupwa nyuma ya nyumba, vingine kuku wanatagia. Akasimama, akachukua gunia.

Jamani, niliona haya. Baba mkwe wangu, kingi wa zamani wa mganda, anapita nyumba kwa nyumba kuomba vibuyu vilivyopasuka. Watu walimpa huku wakicheka, wengine walimwonyesha jalala wakamwambia achague mwenyewe. Alichagua. Alipomaliza pwani ya kwetu alipanda gari mpaka Mbinga mjini, kwenye vilabu vya pombe, ambako plastiki ilikuwa imeingia mapema zaidi, akarudi na gunia lingine. Kila kibuyu alikigonga kwa kidole na kukisikiliza. Vingi alikuwa anavirudisha. Anapewa bure, na bado anachagua!

Halafu akaviweka mbele yangu. Cherehani yangu ilikuwa imefunikwa kitambaa tangu nijifungue, lakini ukweli ni kwamba hata kabla ya hapo ilikuwa imelala. Mitumba ilikuwa imefika. Nani angoje umshonee gauni wiki nzima wakati mnadani gauni la Ulaya linamngoja? Nilikuwa nimeshamwambia mume wangu tuiuze. Nikamwambia baba mkwe kwamba mimi nashona nguo, takataka sijui kushona, na kama anataka kunidhihaki aseme.

"Kipya hakikuhitaji," alisema. "Kilichopasuka ndicho kinachokuita fundi."

Niliudhika, maana nilijua amesema kweli na mimi sipendi kushindwa. Nikakaa chini.

Tulifanya kazi ile kiangazi chote, mpaka sikukuu ikakaribia. Alikata shingo ya kibuyu hiki akaipachika kwenye tumbo la kile, akatoboa matundu pembeni kwa waya wa moto, nami nikashona kwa nailoni ya nyavu, mshono wa kubana, msumari na koleo badala ya kidole. Juu ya mshono tulipitisha nta ya nyuki, na juu ya nta vitambaa vyembamba nilivyokata kwenye mabaki yangu. Mara ya kwanza nilivuta nyuzi mno, kibuyu kikalia, kikafunguka chote. Hakunisema. Alinipa kingine. Nilianza kuelewa kwamba kila kibuyu kina upande wake unaokubali na upande unaokataa, na kwamba uzi unavutwa kwa kusikiliza. Mikono ilinipasuka. Usiku nilikuwa nasikia harufu ya nta kwenye vidole na sikutaka kuinawa.

Mwisho kabisa alikwenda kwenye kuta za nyumba za zamani, akabandua nyumba za buibui kwa ncha ya kisu, akipumua kidogo kidogo zisipasuke. Akabandika. Hakuzijaribu. Nilimwuliza mbona huimbi, tusikie. Alisema tarumbeta moja haisemi kitu, zitasema zikiwa pamoja. Nadhani alikuwa anaogopa.

Siku ya sikukuu mama yangu alishuka tena, maana mtoto alikuwa anabatizwa siku hiyo hiyo. Alikaa mstari wa mbele na mjukuu wake mapajani. Wageni wakaingia kwanza, tarumbeta zao mpya zinang'aa mafuta. Walicheza vizuri, sitawanyima haki yao. Halafu wakaingia wa kwetu na vile viraka vyangu shingoni mwa kila tarumbeta, vingine vyekundu, vingine vya maua, na uwanja mzima ukacheka. Wageni wakaanza kuimba papo hapo kwamba wenyeji wamevaa mitumba mpaka kwenye tarumbeta. Nilitaka ardhi ifunguke. Baba mkwe alikuwa amesimama pembeni, soksi zimevutwa mpaka magotini, hatingishiki.

Kepteni akainua usinga.

Sijui niieleze vipi ile sauti. Vibuyu vile vilikuwa vimekaa na maji na pombe na mbegu miaka na miaka, vimekauka mpaka ndani ya mfupa wao, na vilipoimbiwa vilitoa mvumo wa chini ambao sijawahi kuusikia kwenye tarumbeta mpya. Niliusikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Mtoto aliacha kulia. Wanawake waliokuwa wanapika nyuma ya kanisa walitoka na miiko mikononi, wakasimama. Kicheko kilikufa, na wale wageni wakanyamaza na wimbo wao, mmoja akavua kofia. Nilitazama mishono yangu, yote, ile iliyokuwa inatembea mbele yangu ikipanda na kushuka, na hakuna hata mmoja uliofunguka. Nilimwogopa Mungu siku ile kuliko siku yoyote kanisani.

Baadaye watu wakamzunguka baba mkwe, wanauliza amewaza vipi jambo hili. Si alisema vibuyu vimemshinda? Akavuta soksi moja, akasema niliwaambia vile ili mnyamaze, nilikusudia hivi tangu mwanzo. Mzee yule! Na fundi wa ghuba ya pili alikuja kushika mshono kwa kidole, akaondoka bila kuaga.

Mama yangu peke yake ndiye aliyebaki na masikitiko. Alinivuta pembeni akaniuliza kama hawa watu wa ziwani hawana vibuyu vizima hata vya kuazima, na kama amtumie mkwe wake vichache kutoka nyumbani. Nikamwambia amtumie. Kisha akamwendea mzee mwenyewe, akapiga goti, akamkumbusha ile mboga, akasema ziwani kuna mamung'unye matamu. Baba mkwe akajibu kwamba mkwe hapaswi kutamani kitu akakikosa.

Mwaka uliofuata alipanda mstari mmoja zaidi kwenye ua. Huo hakuufunga kamba. Mamung'unye yakiwa machanga aliyavuna, akayapanga kwenye tenga, akampa dereva wa gari la Mbinga ampelekee mkwe. Alifanya hivyo kila mwaka mpaka alipofariki, na mama kila mwaka aliyapika kwa karanga na kuwaonjesha majirani, akiwaambia hii ni mboga ya mkwe wangu.

Mimi cherehani sikuiuza. Nilifungua meza sokoni Mbamba Bay, nikaweka kibao kwamba ninabana, ninapunguza, ninaziba. Mitumba iliyokuwa imeniua ikanilisha: kila suruali ya Mzungu mrefu ilipita kwangu kabla ya kuvaliwa na Mnyasa wa ziwani. Baadaye nikapanda kufungua meza ya pili Mbinga. Wasichana niliowafundisha walianza wote na kibuyu kilichopasuka, wakanuna kama nilivyonuna mimi.

Baba mkwe alifariki kiangazi, wakati wa mganda. Mama alishuka kwa ajili ya msiba. Kundi lilikuja na tarumbeta zake, za viraka na za kawaida, wakazilaza kwenye mkeka uwanjani kabla ya kumwimbia. Mama, ambaye mikono yake haijui kukaa, akaanza kuzifuta vumbi moja moja kwa khanga. Akafika kwenye moja iliyopinda vizuri, ya kukua, si ya kushona. Shingoni ilikuwa na alama ya kamba, mfereji mwembamba uliozunguka pale ilipofungwa ikiwa changa. Akapitisha kidole. Akarudia. Akachukua nyingine, nayo ina alama. Nikamwona anageuza shingo taratibu kutazama nyuma ya nyumba, uani, ambako kamba na mawe vilikuwa bado vinaning'inia kwenye majani makavu.

Alinitazama tu, nami nikashindwa kumficha, sura yangu haijawahi kujua uongo. Akakaa kwenye mkeka na ile tarumbeta mapajani muda mrefu, watu wakampisha wakidhani ni uchungu wa msiba. Na ulikuwa ndio.

"Aliniomba nimwongezee," alisema.

Aliondoka na mbegu. Mpaka leo ua wake kule milimani umejaa kamba na vijiwe, na kundi la mganda hupanda mpaka kwake kuchagua, naye anawauzia kwa ukali, asiyejua kushika kibuyu hamuuzii. Mwaka jana binti yangu, yule yule aliyebatizwa siku ya ngoma, alikwenda kumsalimia, akaona yale mamung'unye machanga, akaomba avune mawili apike kwa karanga.

Bibi yake akamshika mkono. "Hiyo si mboga," akamwambia. "Hiyo ni ya mkwe wangu."